Ukuta wa Kaskazini

Siku ile tulikuwa watano uani: Bi Märta mwenye nyumba, mjomba Hamisi, mimi, na wadogo zangu Rehema na Juma. Kilichotupokea kwanza ni harufu ya uji, kutoka kwenye pipa lililokuwa mekoni.

Ulikuwa mwanzo wa miaka ya sabini. Baba na mama walikuwa wamefariki, nami, mwenye miaka kumi na sita, nilikuwa nimeacha shule niwalee wadogo zangu. Mjomba alikuwa amepanga chumba kimoja huko Jordbro, Uswidi, kisichotutosha. Ofisi ya ustawi ilitaka kutugawa, kila mtoto na familia yake. Bi Märta, kikongwe aliyeishi peke yake mashambani nje ya Upplands Väsby, alikuwa amekubali kutuona tu. Hakuwa ameahidi kutuchukua wote.

Nyumba yake ilikuwa kuukuu kuliko yeye mwenyewe. Magogo ya msonobari yalilazwa moja juu ya jingine, yakaumana pembeni kama vidole vya mikono iliyofumbatana, na nyufa zikazibwa kwa kuvumwani kavu, vile vijimea laini vya msituni. Ndani, jiko refu la vigae vyeupe lilifika hadi darini. Likikokwa jioni, asubuhi bado ungeliegemea ukapata joto.

Juma alichukua kikombe, akaliendea pipa. “Dada, sukari iko wapi?”

“Kunywa hivyo hivyo,” mjomba akasema, “ugeuke mwekundu kama nyumba za huku.”

Kumbe ilikuwa rangi. Huko rangi ya nyumba hupikwa kwa maji, unga wa nafaka na udongo mwekundu wa mgodini, ikakorogwa kutwa. Mikono ya Bi Märta ilikuwa imechoka, na mabonge yameanza. Nikaupokea mti wa kukorogea bila kuambiwa, nikayaponda ubavuni mwa pipa kama mama alivyonifundisha. Bi Märta akasema neno kwa Kiswidi.

“Anauliza nani alikufundisha kupika rangi,” mjomba akatafsiri.

“Mwambie huu ni uji, mjomba.”

Bi Märta alicheka, akatugawia brashi. Mjomba akanong’ona, “Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi letu tumepewa mlangoni.”

Jioni kuta tatu zilikuwa nyekundu. Mjomba alisimama na mabegi yetu, asijue ayatue au ayarudishe garini. Bi Märta akauonyesha ukuta wa kaskazini, ungali wa kijivu. “Kazi haijaisha,” alisema. “Watoto wabaki. Wote.”

Tulikaa hadi Juma akawa kijana. Kila kiangazi nilipotaka kuumalizia ukuta ule, mara unga umekwisha, mara mvua iko njiani, na mbingu nyeupe pe, bila hata wingu. “Mwakani,” Bi Märta alisema. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba hakutaka iishe kazi iliyotuweka pamoja.

Leo naishi Tensta, katika nyumba ya zege yenye joto lisilohitaji kuni, na wajukuu hunijibu kwa Kiswidi. Ni maisha mema, ila hakuna jiko la kuegemea asubuhi. Bi Märta alishazikwa zamani. Mpwa wake, aliyerithi nyumba, ameniruhusu kupaka. Brashi ninazo. Kila kiangazi Rehema na Juma hunipigia simu kuuliza lini tutalipa deni la ukuta wa kaskazini, nami huwajibu: mwakani.