Maziwa Chini ya Pasi

Jumanne, tarehe 12 Machi. Mvua ilianza hapa Gitega kabla ya adhana ya alfajiri, haikukatika mpaka saa tisa. Matope yalifika mlangoni mwa karakana.

Sijui kama haya yanafaa kuandikwa, maana mimi shule niliishia la sita. Lakini leo nimempasua mtu mdomo, na nikinyamaza nitakuja kujidanganya kwamba yeye ndiye aliyeanza.

Mtoto wangu ana miezi minne. Tangu nirudi kushona pale karakanani Magarama, asubuhi nakamua maziwa kwa mkono nyuma ya pazia la kupimia nguo, chupa naitumbukiza kwenye mtungi wa maji baridi, mchana nakimbia nayo nyumbani. Mama mkwe alikuja kutoka Muyinga kumlea, na siku ya kwanza tu alisema: "Maziwa yakipungua, mtoto naenda naye Muyinga. Kule iko ng'ombe." Safari yake ni kesho.

Kwenye cherehani ya pili anakaa mwenzangu, mama mmoja Mkongomani wa Uvira. Kila nikitoka nyuma ya pazia huuliza, "Ng'ombe yetu leo imetoa lita ngapi?" Tunacheka wote. Nakiri, mimi hucheka zaidi.

Leo mtungi ulikuwa mtupu, kwa hiyo chupa yangu niliiacha kando yake. Hapo ndipo hukaa chupa ya wanga wa muhogo, tunaonyunyiza kwenye nguo kabla ya kupiga pasi. Chupa zenyewe zinafanana. Mwenzangu alikuwa na kanzu nyeupe ya bwana harusi. Akanyunyiza, akaweka pasi ya mkaa.

"Wanga gani huu unanuka hivi?"

Wanasema maziwa ya mama yakiungua, matiti hukauka. Sijui kama ni kweli. Dakika ile niliamini kwa mwili mzima.

Nilishika rula ya mbao, ile ya mita, nikampiga mdomoni. Jino lilitoboa mdomo wa chini, damu ikarukia kanzu, juu ya doa la kahawia.

"We mama, uko mzima kweli?"

Nikampiga tena, begani. Hapo ndipo aliponisukuma, na pasi ilikuwa bado mkononi mwake. Sidhani alikusudia. Labda alikusudia. Ilinigusa kifundo cha mkono wa kulia, ngozi ikalia kama mafuta. Tukaanguka, makaa yakatawanyika, nikamvuta nywele, akaning'ata bega. Patroni, mwenye karakana, alitutenganisha kwa mateke, kila mmoja fungu lake, bila upendeleo.

"Mnagombania mwanaume?"

"Wanga!" mwenzangu alitema damu. "Anataka kuniua juu ya wanga!"

Nikasema yalikuwa maziwa yangu. Akatazama gauni langu. Lilikuwa limelowa kifuani pande zote mbili.

"Si ungeandika kwenye chupa, dada. Mi ningejua namna gani?"

Haki yake. Chaki ya kukatia nguo ilikuwa mfukoni mwangu.

Patroni alitufukuza wote kwa siku ya leo. Nyumbani nilimkuta mama mkwe mlangoni, mtoto analia mpaka sauti imekauka.

"Chupa iko wapi?"

Nilimwambia yote, na nani aliyeanza. Alinizaba kofi, moja tu, kisha akanipa mtoto.

"Mnyonyeshe nione."

Mtoto akashika, akavuta, akaachia, akalia. Akashika tena. Nilihesabu pumzi zake. Halafu maziwa yakaja kwa nguvu, akapaliwa, yakamchuruzika kidevuni. Mama mkwe alitazama mpaka mtoto akalala. Kumbe nguo za mtoto alishazipanga kwenye begi lake la safari. Akazitoa moja moja, akazirudisha kwenye kamba.

"Kesho naenda peke yangu," alisema. "Na we asubuhi nenda kwa yule mama, umwombe msamaha."

Nitaenda. Kwa mdomo ule, nadhani leo amekunywa uji tu.

Sisi tulikula bugali, ugali wetu wa muhogo, na maharage na mboga ya lengalenga. Mkono wa kulia haukukunjika, nikala kwa wa kushoto mbele ya mama mkwe, na hakunikataza.