Mjukuu wangu alihesabu mpaka tisa, ndipo sista akanisikia

Wakuu, habari zenu. Mimi ni bibi wa Nateete, mjane wa askari, shule niliacha darasa la tatu. Naandika kwa kidole kimoja, mkiona makosa yarukeni. Uongo hapa hamna, yote yamenipata mwenyewe.

Nina mjukuu, Amina, miaka kumi na tisa. Fundi cherehani. Nusu ya maharusi wa mtaa huu amewavisha yeye. Nikimsifu mnivumilie.

Ana ugonjwa wa misuli kuchoka. Si uvivu, si pepo, na si mapenzi kama majirani walivyosema. Asubuhi yuko sawa, jioni kope zinaanguka, sauti inapitia puani, chakula kinakwama kooni.

Vidonge vyake ni kila baada ya saa nne, na nusu saa kabla ya kula. Vikichelewa, hawezi kumeza. Basi.

Musawo, yaani daktari wa kliniki, alinifundisha kitu kimoja. Kila asubuhi Amina avute pumzi moja, ahesabu kwa sauti mpaka iishe. Yeye hufika thelathini. Hesabu ikishuka sana, kimbia hospitali. Na kuhesabu najua, marehemu mume wangu alikuwa anahesabisha askari.

Mwezi uliopita kikohozi kikamwangusha, akalazwa. Sista wa wodi akachukua vidonge vyetu akavifungia kabatini. Eti ndio utaratibu, dawa wanagawa wao, kitanda kwa kitanda.

Sawa. Lakini wanaanza mlangoni, na sisi tuko mwisho kabisa ukutani.

Asubuhi yake uji ukafika, vidonge bado. Nikaenda kuuliza, nikaambiwa nisubiri. Nikarudi, nikaambiwa nisisumbue watu kazini, nimlishe mtoto uji usipoe.

Hapo nikakosea. Niliona aibu, mimi wa darasa la tatu nimfundishe kazi mtu wa yunifomu. Nikamlisha.

Kijiko cha pili akapaliwa. Uji ukatokea puani. Kelele hana, macho tu yananitazama. Banange, jamani, yale macho.

Nikamwinamisha mbele mpaka ukatoka. Halafu nikaenda kusimama mbele ya sista, sikuondoka.

"Jajja, bibi wewe, udaktari umesomea wapi?"

"Sijasoma. Njoo usikie mtoto akihesabu."

Akaja amenuna. Amina akavuta pumzi, akaanza. Kufika tisa, sauti ikaisha.

"Jana alifika ngapi?" Sasa sista anauliza taratibu.

"Ishirini na sita."

Alikimbia kuita watu. Daktari akaja, oksijeni ikaja, vidonge vikatoka kabatini vikasagwa, vikapitishwa kwenye mpira wa puani. Juu ya kitanda wakabandika karatasi: dawa ya huyu haisubiri zamu.

Karatasi yenyewe ni ya daftari, wakuu. Kuiandika ilichukua dakika moja. Asubuhi nzima niliomba hiyo dakika!

Sista sitamsema zaidi. Tangu siku ile mpaka tunaruhusiwa, kila asubuhi alianzia kitanda chetu. "Amina, hesabu."

Nilichojifunza: kama unauguza mtu, saa ya dawa yake ni yako. Sema, wakinuna wanune. Mimi nilinyamaza vijiko viwili, vimenitosha.

Leo amefika thelathini na moja. Ile moja ya mwisho aliipigia kelele makusudi, ili nimsikie jikoni.

Wenye wagonjwa wa namna hii, huko wodini mnafanyaje? Niambieni. Nitasoma zote, polepole.