Arobaini ya Simba Jike

Naikumbuka siku moja, mwanangu, ambayo sikutoka nje ya chumba hata kidogo, na bado imenikaa moyoni kuliko siku zote nilizotembea. Nilikuwa ndani ya arobaini. Mtoto aliyelala ubavuni mwangu, amefungwa kitambaa cheupe mpaka kidevuni, ndiye baba yako.

Zima simu kidogo, unisikilize. Jana ulinionyesha ile video yako. Gari lako la watalii limesimama karibu na simba jike, karibu kabisa, na mgeni mmoja amechomoza mpaka kiunoni juu ya paa. Ulikuwa unacheka. Ukaniambia, "Habuba, hawa watu hawajatoka kwao waje kuona mgongo wa simba. Wanataka karibu. Na huyu amezoea magari, hata hashtuki." Mimi sikucheka, ukadhani macho yangu hayakuona. Yaliona vya kutosha.

Wakati ule Kibra ilikuwa msitu. Hata jina lenyewe, kwa Kinubi chetu, ndiyo maana yake. Hapa Silanga unapopita kwa kuinamisha kichwa chini ya mabati, palikuwa na mahindi yetu na ng'ombe wa baba mkwe, na bwawa lilikuwa bado halijajengwa. Nyumba ilikuwa mbali na nyumba. Alfajiri, kabla ya adhana, tulimsikia simba akinguruma kule tambarare. Haikuwa sauti ya kututisha. Ilikuwa kama jirani anayeburuta kabati zito usiku, nawe unageuka upande wa pili na kulala tena. Sasa alfajiri nasikia redio, pikipiki, mlevi akigombana na mlango wake. Mara nyingine umeme ukikatika nakaa kitandani nimetega sikio. Najua hakuna kitu. Nakaa tu.

Lakini kumwona sikuwahi. Mbuga ilikuwa mpya, na iliingiwa na wenye magari. Wenye magari sisi tuliwajua kwa vumbi lao.

Babu yako alikuwa dereva. Gari halikuwa lake, lilikuwa la mzungu mmoja wa mjini aliyelikodisha kwa wageni. Alijifundisha kuendesha kwa kukaa kando ya madereva wengine na kutazama miguu yao. Mimi nami nilijifundisha kusoma kwa vipande vya gazeti vilivyofungiwa sukari. Tulifanana kwa hilo, na kwa wasiwasi. Ee mwanangu, nilikuwa mtu wa wasiwasi! Nepi nilizikunja, nikazikunjua, nikazikunja tena mpaka pembe zikutane. Mtoto akilala kimya naweka kidole puani mwake nisikie pumzi, na akiamka kwa sababu ya hicho kidole naanza kulia mimi. Bado niko hivyo hivyo. Usiku kucha nimelipanga hili ninalokuambia, na tayari nimekosea mpangilio.

Arobaini yetu unaijua kwa kusikia tu, maana siku hizi mzazi anatoka hospitali na jioni yuko Soko la Toi akitafuta nguo za mtoto. Zamani ilikuwa amri. Mzazi yuko ndani, pazia limeshuka, ubani unafuka, kisu kidogo kiko chini ya mto wa mtoto kumkinga na mabaya. Mlangoni alikaa mama mkwe wangu, Bi Zenabu, amejifunga gurbaba yake ya rangi kali, anasuka tabaka la kufunikia chakula. Hakuna aliyempita. Mjomba wangu, ndugu wa mama yangu tumbo moja, alikuja kwa miguu kutoka upande wa Kawangware amebeba kuku. Bi Zenabu alimsimamisha kwenye ua. Akanisalimu kwa kupaza sauti, akaacha kuku, akarudi alikotoka, wala hakununa. Aliijua desturi.

Jioni babu yako alikaa nyuma ya pazia akinisimulia mambo ya mbuga. Ndivyo nilivyojua habari za yule simba jike. Alikuwa amezaa chini ya kichaka, kando ya kijito kilichokauka. Watoto wake walikuwa bado na madoadoa miguuni. Nilimuuliza rangi ya macho yao, nilimuuliza kama mama anawabeba kwa mdomo kama paka. Nilifungiwa chumbani na pumzi ya ubani, na nusu ya roho yangu ilikuwa kule kichakani. Babu yako akaniahidi kwamba nikitoka arobaini atamwomba mwenye gari ruhusa, anipeleke nimwone. Tangu hapo sikungoja kutoka ndani tu. Nilingoja kumwona yeye.

Basi siku hiyo, mchana, nikasikia gari likija mpaka kwetu. Magari hayakuwa na kawaida ya kuja kwetu. Nikasikia sauti ya babu yako, ya unyenyekevu, ile aliyokuwa anaitumia kazini, na kicheko cha mwanamke. Wageni wake wa asubuhi, bwana mmoja na mkewe, walikuwa wamemuuliza njiani anaishi wapi, ana watoto wangapi. Akawaambia mkewe amejifungua juzi. Wakafurahi, wakataka kuona. Naye akawaleta.

Kabla sijafahamu lolote, pazia lilifunguliwa. Mwanga ukaniingia machoni, na katikati ya mwanga palikuwa na kofia, na chini ya kofia kioo cha kamera.

Sikiliza neno hili, ndilo nililoamkia leo. Yule memsahibu alikuwa anatabasamu. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda watoto, ilionekana. Na mimi, niliyekuwa mwoga hata wa panya, mkono wangu ulikuwa umeshaingia chini ya mto na kukishika kile kisu. Sikuuamuru. Angepiga hatua nyingine moja, akainama juu ya mtoto, sijui ningefanya nini. Kweli sijui.

Bi Zenabu alijitia kati, na tabaka lake mkononi kama ngao.

"Memsahibu, rudi nyuma. Huyu ni mzazi."

"Picha moja tu, mama," yule mwanamke akasema kwa Kiswahili chake cha kuokota. "Picha kidogo."

"Hata nusu."

Na pazia likashuka.

Waliondoka bila kukasirika sana. Bwana alimwambia babu yako kwamba kesho yake warudi tena kwa yule simba, safari hii wafike karibu zaidi, kwa sababu picha za asubuhi majani yalikuwa yameziba. Babu yako akajibu "Ndiyo, bwana." Nilimsikia.

Alipokwisha kuwarudisha mjini, mama yake alikuwa anamngoja. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimemshika mtoto kama vile bado yuko hatarini.

"Asubuhi hawa uliwapeleka wapi?"

"Kwa yule simba aliyezaa."

"Mkasimama wapi?"

"Karibu."

"Karibu wapi? Nionyeshe."

Nafikiri alionyesha kinu kilichokuwa uani, maana nilimsikia Bi Zenabu akivuta pumzi.

"Mjomba wa mkeo, damu yake, nimemsimamisha kwenye ua, mzee wa watu na kuku wake. Wewe watu wa njiani unawatia mpaka kitandani kwa mzazi. Na si mzazi mmoja! Asubuhi mmoja, mchana mwingine. Una nini wewe?"

"Mama, ni kazi. Nikisema hapana watanifukuza."

"Baba yako alikuwa askari wa hao hao. Alisema ndiyo afande mpaka nywele zikawa nyeupe, wakampa shamba tunaloishi kwa kibali, wakitaka kesho watatuondoa. Neno ndiyo mnalijua sana nyumba hii. Sasa jifunze lile lingine."

Babu yako akaenda kwa ng'ombe. Usiku hakunisimulia lolote.

Kesho yake aliwapeleka. Walipofika kijitoni alisimamisha gari mbali, akazima injini. Simba alikuwa amelala kivulini na watoto wamemlalia. Bwana akamwambia sogea. Akajibu, "Hapana, bwana." Bwana akadhani hakusikia, akamwambia tena. Babu yako alinieleza baadaye kwamba simba hakumtisha hata kidogo siku ile, kilichomtisha kilikuwa sauti yake mwenyewe. Alisema hapana tena. Yule simba aliinua kichwa, akawatazama, masikio wima, kisha akakilaza tena juu ya miguu yake. Babu yako alifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, na kila alipokumbuka kule kulaza kichwa alitabasamu. Alisema ilikuwa kama kuitikiwa salamu.

Mchana alirudi kwa miguu. Ufunguo ulikuwa umebaki kwa mwenye gari. Alikaa nje ya pazia, akaniambia, "Mama Hamisi, ile ahadi yangu sasa sijui." Hakusema neno jingine kuhusu kazi. Alisikitikia ile ahadi.

Wageni wakapewa dereva mwingine, mtu wa kusema ndiyo. Akasogea mpaka wanapotaka. Bwana akaona bado kuna jani, akafungua mlango, akashuka na kamera yake. Walipokuwa ndani ya gari, simba alikuwa akiona kitu kimoja kikubwa kinachonuka petroli. Bwana aliposhuka, simba aliona mtu, amesimama kwa miguu miwili kati yake na watoto wake. Akamrukia. Dereva alimvuta yule bwana kwa ukosi wa koti akamrudisha garini. Alipona, lakini tulisikia kwamba mkono wake wa kulia haukunyooka tena.

Jioni yake hewa ilikuwa imetulia. Tulisikia mlio mmoja wa bunduki kutoka tambarare, mdogo tu, kama ubao ulioanguka. Bi Zenabu aliacha kusuka. Sote tulijua kwamba Bwana Nyama, yule mzungu wa kusimamia wanyama, hapigi risasi bure. Bi Zenabu akainuka, akaingia ndani, akamtoa mtoto kitandani alikokuwa amelala usingizi wake, akaniwekea mapajani. Mtoto hakuwa analia. Hakuwa na njaa. Aliniwekea tu, akasimama hapo ametazama ukuta.

Watoto wa simba walichukuliwa. Walikopelekwa sikujua, na kila niliyemuuliza hakujua.

Nilitoka arobaini. Nikaogeshwa, nikapakwa mafuta ya mnukio, nikavalishwa, wanawake wakapiga vigelegele. Niliposimama uani na jua usoni, kitu cha kwanza nilichofanya nilitazama upande wa tambarare. Babu yako aliona. Alipata kazi nyingine ya kuendesha lori la mchanga, na lori la mchanga halina njia ya kwenda mbugani. Alifariki bila kuitimiza ile ahadi, na mimi sikuwahi kumdai. Lakini nikisema nimezeeka nimeridhika nitakuwa naongopa, na kuongopa mbele yako sitaki. Namtamani yeye nyuma ya pazia akinihadithia. Natamani ile sauti ya kabati linaloburutwa. Natamani kumwona yule mama mwenzangu, niliyemngoja kuliko kitu chochote, na ambaye kosa lake lilikuwa lile ambalo mkono wangu mimi ulikuwa tayari kulifanya.

Sasa Jumapili unataka kunipeleka mbugani. Umeniambia, "Habuba, mwaka huu lazima umwone. Nitakusogeza mpaka umwone masharubu." Najua kwa nini unasema hivyo. Macho yangu yana ukungu, na tukisimama mbali sitaona kitu ila majani na mwanga.

Simama mbali, mwanangu.

Mnyama ana ua wake hata kama huoni miti ya ua. Akiacha alichokuwa akifanya ili akutazame wewe, ujue umekwishaingia ndani, rudi nyuma kabla hajakuambia kwa njia yake. Mgeni asishuke, asitoe mwili nje, hata akikuapia, hata akikuahidi. Atakuwa anatabasamu, atakuwa mtu mzuri, naye ndiye wa kumwogopea zaidi kwa sababu hajui amesimama wapi. Wewe unajua. Mwambie hapana kwa adabu, mwambie mara mbili, na wakikunyang'anya ufunguo, njoo kwangu kwa miguu kama babu yako. Chakula kipo.

Jumapili zima injini, teremsha kioo, unishike mkono tukae. Akinguruma nitamjua. Ukiniuliza njiani kama nimemwona, nitakuambia nimemwona.

Nenda sasa, kumekucha, wageni wako wanangoja. Mungu akupe kupokelewa kila unakofika, akulinde na mlango usio wako, akurudishe kwetu jioni na mikono yote miwili kwenye usukani.