Steshenari ya Injini Mbili

Baba yangu alikuwa gadi wa treni, yule mtu wa behewa la mwisho anayepunga bendera ya kijani ili safari ianze. Alifanya kazi hiyo hapa Kilosa mpaka ulipokuja upunguzaji wa wafanyakazi, akarudi nyumbani kwetu Magomeni, mtaa wa hapa hapa Kilosa, na bendera yake, filimbi yake, na tabia ya kutazama saa kila chai ilipochelewa. Chai yangu ilichelewa mara nyingi.

Wakati huo nilikuwa nimefungua steshenari kwenye chumba cha mbele cha nyumba, nikichapa barua za watu kwa taipureta. Nilipoamua kununua kompyuta, baba alisema atakwenda Morogoro mwenyewe, kwa sababu mimi hata nyanya nachaguliwa na muuzaji. Akarudi na mashine kubwa iliyotumika, mali ya zamani ya ofisi moja ya wachora ramani. Muuzaji alikuwa ameifungua ubavu na kumwonyesha kuwa ndani ina prosesa mbili, wakati mashine za watu wengine zina moja tu.

“Prosesa ndiyo injini,” baba alinieleza, kana kwamba kaiunda yeye. “Sasa hii ina injini mbili, kama tulivyokuwa tunafunga treni ya mizigo ikipanda kwenda Dodoma. Nani ataiweza?”

Wiki haikuisha kabla hajamleta mchora mabango, na ukuta wetu ukaandikwa kwa rangi nyekundu: STESHENARI YA INJINI MBILI. Mimi mwenye duka sikuulizwa.

Jambo moja alilisimulia kwa fahari kuliko yote. Mashine ilikuwa tupu, haina windo, ile programu kuu ya kuiendesha, na muuzaji alimwekea mezani diski mbili. Moja ilikuwa toleo dogo la watu wa nyumbani, nyingine toleo kubwa la maofisini. Baba akachukua dogo. “Nimeishi kwenye treni, mwanangu. Daraja la kwanza na la tatu hufika Tabora dakika ile ile. Tofauti ni godoro.” Nami nikaona ana akili kweli, maana sikujua lolote zaidi yake.

Duka likachangamka. Mimi nilichapa, baba akakaa kwenye benchi mlangoni. Kila alipoinuka kutaka kushika kazi, nilimwambia, “Pumzika baba, umeshafanya kazi ya kutosha.” Niliona huo ndio utii. Aliwahi kuniomba nimfundishe kuchapa, nikamwambia wiki ijayo, ile wiki ijayo ya fundi cherehani. Alirudi kwenye benchi, akatazama saa.

Msimu wa mitihani ulipofika, shule zikaniletea kazi kutoka pande zote, hadi Lumuma. Mashine ikaanza kusota. Ilipokuwa inatoa ukurasa mmoja, nikitaka kuandika mwingine inaganda. Baba aliguna kila mara, maana watu walianza kuusoma ukuta wetu kwa sauti huku wakisubiri. Nikamwita fundi wa Mikumi, aliyekuwa akitengeneza kompyuta za hoteli za kule karibu na mbuga. Alishuka kwenye basi akiwa na vumbi hadi kwenye kope.

Huyu fundi alikuwa mtani wetu. Kabila lake na letu yalipigana zamani, na mpaka leo kila upande unadai ndio uliomkimbiza mwenzake. Alianza kwa adabu, “Shikamoo mzee,” akajibiwa, “Marahaba.” Adabu ikaishia hapo.

“Wazee wenu walikimbia hivi hivi kama mashine yenu inavyokimbia?” aliuliza.

“Wangekimbia hivyo mngewakamata,” baba akajibu. “Tengeneza.”

Fundi alibonyeza bonyeza, akafungua sehemu inayoonyesha prosesa zinavyofanya kazi. Palikuwa na mchoro mmoja tu, na kila prosesa huwa na wake. Akafungua ubavu wa mashine, akachungulia, akahesabu kwa kidole: mbili. Akarudi kwenye kioo: mmoja. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akashika ukuta.

“Mzee, nani aliyewachagulia windo hii?”

Baba akajitaja, akamrudia na hadithi ya daraja la tatu, nami nikatamani fundi atanie kitu kingine chochote. Lakini mtani hazuiwi. Akatueleza kwamba kila toleo limewekewa kikomo chake na watengenezaji. Kwa upande wa memori matoleo yote mawili yalikuwa na kikomo kimoja, nasi hatukuwa tumekifikia hata robo. Ila kwa prosesa, toleo la nyumbani huhesabu moja, basi. Ukiliwekea ya pili, haliioni.

“Kwa hiyo daraja la tatu limechelewa kufika,” alisema akijifuta machozi.

Baba hakucheka. Aliuliza polepole, “Hiyo ya pili imeharibika?”

“Hapana mzee. Nzima kabisa. Haijaitwa tu.”

Baba aliitazama ile mashine iliyo wazi ubavu kwa muda mrefu. “Nzima,” alisema, “na haijaitwa.” Akaenda kukaa kwenye benchi lake.

Fundi alifunga ubavu wa mashine bila utani, jambo ambalo watani wake hatukuwahi kuliona. Mimi niliona aibu hadi masikio yakapata moto. Ile mashine angalau haikuwa na macho ya kumwona mwenzake. Mimi nilikuwa nayo, na benchi lilikuwa hatua tatu kutoka mezani kwangu.

Fundi hakuwa na diski ya toleo kubwa. Aliahidi kuileta akipata safari tena, akaondoka. Nikachukua rundo la mitihani nililokuwa nimechapa, nikaliweka mapajani mwa baba. “Nisomee hizi baba. Macho yangu yamechoka.”

Kabla ya chai alikuwa amegundua kuwa kwenye Hesabu swali la saba limeandikwa mara mbili, na Jiografia haina swali la kumi. Kuanzia siku hiyo hakuna ukurasa uliotoka bila ruhusa yake. Ukiwa safi alipunga bendera ya kijani palepale kwenye benchi, nami nikaendelea. Ukiwa na kosa alipuliza filimbi, na wateja wakaruka. Chai ikichelewa alipuliza pia.

Mwalimu mmoja kutoka Kilangali alifika kuchukua mitihani yake. Alisoma ukuta, akaingia, akainamia mashine yetu. Bila shaka habari zilikuwa zimemfikia, maana fundi hakuwa mtu wa kuficha mambo.

“Nasikia hapa inafanya kazi injini moja tu,” alisema akitabasamu. “Ya pili iko wapi?”

Baba alishusha miwani, akaweka kidole kwenye mstari aliokuwa akisoma ili usimpotee.

“Nipo,” alisema. “Subiri nimalize ukurasa.”