Siku Isiyoruhusu Kilio

Jumatano, 25 Machi 2015. Louisville. Mvua ya baridi tangu alfajiri, ile nyembamba isiyochoka.

Nimerudi jana kutoka Buffalo, na kabla ya Buffalo nilikuwa Bali. Naandika leo kabla sijaanza kujitetea kichwani. Shule yangu iliishia darasa la saba, kambini Tanzania. Mwenye elimu angeyapanga vizuri zaidi, mimi nayaweka yalivyokuja.

Bali tulikwenda kupiga ngoma. Kikundi chetu cha Warundi, pamoja na Mkongomani mmoja tunayefanya naye kazi ghalani Okolona, hapa Louisville, kilialikwa na profesa wa Columbus anayechunguza muziki wa kisiwa kile. Wenyeji ni Wahindu, na sijaona watu wanaomfanyia Mungu kazi ya mikono kama wale. Kila asubuhi mama wa nyumba tuliyofikia aliweka mlangoni kisahani cha majani ya mnazi, chenye maua na wali kidogo. Mbwa waliula ule wali, naye hakuwafukuza. Mimi ni mlokole, sikujua nitazame au nigeuze uso. Nilitazama.

Ijumaa asubuhi mdogo wangu alipiga simu kutoka Buffalo, alikokuwa akiishi na mama. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, hilo nalishuhudia.

"Kaka, mama anaumwa kidogo. Yuko hospitali."

"Anakula?"

"Amekunywa uji. Ila ukiweza kurudi mapema, rudi."

"Tiketi yangu ni ya Jumapili."

"Haya. Wewe ndiye mkubwa."

Profesa aliposikia alisema atanibadilishia tiketi niondoke jioni ileile. Alinieleza vizuri: Jumamosi ni mwaka mpya wao, siku ya kimya. Hakuna gari, hakuna taa, hakuna moto, hata uwanja wa ndege unafungwa mpaka kesho yake. Kwa hiyo sikudanganywa na mtu. Lakini jioni ile ndipo vijana wangebeba masanamu ya mashetani, marefu kama nyumba, ya mianzi na karatasi. Tangu Jumatatu nilikuwa nawaona wakipaka rangi kucha za moja. Nilitaka kuliona likitembea.

"Bon, mukubwa," Mkongomani akasema, "mama anakunywa uji na wewe unakimbia? Utamukuta anakuuliza zawadi!"

Tukacheka. Simlaumu, aliambiwa nilichoambiwa mimi.

Nilibaki. Niliyaona masanamu yakizungushwa njia panda, vyombo vyao vya shaba vikilia mpaka kifua kinatetemeka. Lazima niandike na hili: nilifurahi.

Jumamosi, katikati ya kile kimya, simu ikaita.

"Kaka, uko na nani hapo?"

"Peke yangu."

"Mama hatunaye. Tangu Alhamisi. Tunazika Jumatatu asubuhi."

Nililia tunavyolia kwetu, kwa sauti yote. Mfanyakazi wa nyumba ile akaja mbio, miguu mitupu, kidole mdomoni. Siku ile kisiwa kizima kinajificha kwa kunyamaza, ili pepo wabaya wapite wakidhani hakuna mtu, na walinzi wa kijiji walikuwa wanapita nje wakisikiliza. Aliponiona uso alielewa, lakini kidole hakukishusha. Nikajaza shuka mdomoni. Yeye akaketi sakafuni karibu yangu mpaka giza likaingia, naye alikuwa amefunga, hajala wala kunywa. Hakuwa mtu mbaya, na desturi yao ni kongwe kuliko mama yangu. Sikujua tu kwamba mtu anaweza kumlilia mama yake kwa meno.

Jumapili uwanja ulifurika watu waliokwama, ndege ikachelewa. Nilifika Buffalo Jumatatu saa kumi jioni. Viatu vilijaa mlangoni. Mdogo wangu alikuwa na udongo kwenye kucha.

"Udongo wa kwanza nimeutupa mimi," akasema. Kwetu hiyo ni kazi ya mkubwa.

"Hamkuweza kunisubiri?"

"Mchungaji alisubiri saa nzima. Ndugu waliotoka Columbus kuzika wana kazi kesho."

Ni kweli, wana kazi.

"Ungeniambia amekufa."

"Msafiri anaambiwa amekufa, kaka? Baba alipokufa kambini, mimi niko Kigoma, wewe uliniambia nini?"

Nilimwambia baba anaumwa kidogo. Ndivyo tunavyofanya, tusimvunje mtu akiwa njiani peke yake. Naye alifika siku ileile kwa baiskeli ya kuazima, hakuuliza swali hata moja.

"Miaka minane Amerika, umeshasahau?"

Njia nzima ya kurudi nimejiuliza: nilisahau kweli, au nilijua nikajifanya sijui, kwa ajili ya sanamu la karatasi? Mara naona hivi, mara naona vile. Ninachojua ni alichoniambia wakati naaga. Siku ya kuondoa matanga mtoto mkubwa ndiye anayesimama kusema habari za marehemu, na yeye akasema, bila hasira, "Nitasema mimi." Wazee waliokuwepo walitazama chini. Sikubisha.

Jioni mke wangu amepika ugali wa muhogo, maharage na mchicha. Watoto wamekula wakibishana kwa Kiingereza. Nami nimekula, nimeongeza hata mara ya pili.