Maziwa ya Mgeni Niliyoyatia Kwenye Tangi

Najua mtanicheka, chekeni tu, maana hata mimi nikibaki peke yangu maabarani nikaikumbuka siku ile nafunikaga uso kwa mikono. Mimi Marwa, fundi wa maabara ya maji hapa chuoni kwetu Musoma, mtu mzima mwenye ndevu, nilichukua maziwa ambayo mama yangu alimtumia mgeni nikayatia kwenye mashine, watu wananiangalia, na mgeni mwenyewe alikuwa ni Wegesa.

Wegesa nimwelezeje? Tulisoma wote, yeye binti wa Manyamanyama kule Bunda, mimi wa Butiama, na mwaka wa mwisho ndio tulijenga ile turbaini ndogo ya majaribio, yaani lile gurudumu linalozungushwa na maji kutoa umeme, ila la kwetu lilikuwa na ukubwa wa sufuria ya ugali wa watu wanne. Chini yake tukafunga bomba la plastiki angavu ili tuone maji yanavyotoka. Maana ukifungua maji nusu tu, yakishapita kwenye gurudumu hayashuki kwa adabu, yanajisokota yanakuwa kama kamba, na kamba hiyo ndiyo inatikisaga mitambo mikubwa mpaka inaharibika. Tulikuwaga tunakaa pale sakafuni mabega yanagusana, mmoja anapunguza maji, mwingine anaandika, na nawaambia kweli, sijapata raha kama ile tena. Nilimpenda. Sikumwambia. Akapata kazi Iringa, akaenda, na mimi nikabaki nasafisha lile bomba kila Ijumaa, hata wiki ambayo hakuna aliyelitumia.

Sasa mwaka huu kampuni yake inayojenga mitambo midogo ya umeme ikawa inatafuta mahali pa kufanyia majaribio, mkuu wa chuo akaniita akasema, "Marwa, wageni wanakuja Alhamisi. Wakiridhika na jaribio letu wanamwacha hapa mhandisi wao mwaka mzima. Ni yule Wegesa wenu." Mwaka mzima, jamani. Nilitoka ofisini kwake bila hata kuaga.

Kosa langu la kwanza nikamwambia mama. Mama yuko Butiama na ng'ombe zake sita, na Wegesa anamjua, alishafika kwetu mara moja enzi za uanafunzi akanywa maziwa akaomba mengine, basi mama hajasahau mpaka leo. Alhamisi asubuhi likafika dumu la lita tano na ujumbe mmoja: "Umpe kwa mkono wako, usimtume mtu."

Tatizo likawa rangi. Ili kamba ionekane hata na aliyesimama mbali, tunaingizaga rangi kidogo kidogo kwa mrija mwembamba, inashuka ndani ya maji kama uzi. Asubuhi ile nafungua chupa ya rangi, imebaki tone. Mwenye akili angekimbia sokoni, ni dakika kumi kwenda na kurudi. Mimi nikaliangalia lile dumu. Nikajisemea natumia kikombe kimoja tu, yanayobaki nampa, halafu namwambia ile kamba uliyoiona ni maziwa ya mama, na maneno mengine yatafuata yenyewe (ndivyo nilivyopanga, mtu wa miaka thelathini na tatu).

Wakaja wanne, mkuu wa chuo kaongozana nao. Wegesa kanenepa kidogo, kicheko ni kile kile. "Marwa, bado uko na bomba letu?" Letu, alisema letu, na kuanzia hapo akili yangu haikuwa na mimi. Simu yangu nilikuwa nimeifunga kwenye stendi inarekodi, nimeiunganisha na televisheni ya ukutani na spika yake ili kila mtu aone. Nikawasha pampu, nikafungua maji nusu, nikaachia maziwa, kamba ikatokea, nyeupe, inajisokota taratibu, nzuri kuliko siku zote. Wegesa akachuchumaa palepale tulipokuwaga tunakaa. Mimi kamba wala sikuiangalia, nilikuwa namwangalia yeye.

Kikombe kikaisha. Ningefunga koki, mkasa usingekuwepo, lakini nilitaka aendelee kuchuchumaa pale, basi nikaongeza, nikaongeza tena, mpaka dumu likawa jepesi. Na mashine ile maji yake hayaendi popote, yanarudi tangini, pampu inayavuta upya. Bomba zima likawa jeupe, kamba haionekani, pampu nayo ikawa inayapiga maziwa na hewa kama mtu anayesukasuka kibuyu, povu likapanda, likafurika, likashuka kwenye viatu vya wageni. Mkuu akarudi nyuma akateleza, akakaa chini na suti yake. Nikakimbilia swichi, kabla sijafika kiungo cha mpira kikachomoka, nikaoga maziwa kichwa mpaka miguu.

Hapo ndipo simu ikaita. Nikataka niikate, kidole kimelowa, kikagusa pa kupokelea, na sauti ya mama ikajaa maabara nzima kwenye spika.

"Marwa, Wegesa umempa maziwa yake?"

Nikajifuta maziwa usoni kwa kiganja.

"Mwambie ni ya yule ng'ombe mwekundu. Mwambie mimi namngojea tangu enzi zile, maana wewe mdomo huna, utakaa naye moyoni mpaka uzeeke."

"Mama, nimeyamwaga."

"Yote?"

"Yote."

Kwetu watu wa ng'ombe maziwa hayamwagwi, hata mtoto anajua, na mkuu palepale chini alipokaa akatikisa kichwa. Mama akakata simu.

Wageni walikuwa waungwana, wakapewa taulo na soda, lakini mkubwa wao akasema maji yasiyoonekana hayapimiki, wao watatafuta chuo kingine. Wakatoka kwenda kwenye gari. Wegesa akabaki, akakunja suruali, akachukua fagio tukawa tunasukuma maji mlangoni, mpaka akasimama.

"Marwa, alichosema mama ni kweli?"

Na mimi, nyie, mimi nikamjibu, "Ngoja nisafishe bomba kwanza nikuoneshe tena, safari hii itaonekana vizuri."

Akaliegemeza fagio ukutani. "Sawa, Marwa," akasema. Honi ikapigwa, akaenda, walikuwa wanapitia Bunda amsalimie mama yake halafu safari ya Iringa.

Ndiyo. Neno lenyewe lilikuwa hilo tu, na mimi nikataja bomba. Nimeapa, mtu akiniuliza tena swali la moyo nitamjibu hilo kwanza, hata nyumba iwe inaungua. Ila aliyeniuliza ni mmoja tu, na siioni siku atakayorudi kuniuliza.