Safu kwa Midomo ya Mama

Juzi, sokoni Kasongo, muuzaji mmoja alikuwa akilainisha safu, yale matunda yenye ganda la zambarau, kwenye jivu la moto. Harufu ile ikanirudisha nyumbani, utotoni.

Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu, midomo yake imepauka. Bibi alimpelekea safu za moto.

"Kula, mutoto yangu. Hii inarudishaka damu."

Nilidhani ile rangi ya zambarau ya ganda ndiyo damu yenyewe. Nikamwachia Mama fungu langu, nikamtazama akila hadi midomo ikashika rangi.

"Bibi, damu imefika."

Leo najua tunda hujenga mwili polepole. Mama alijua hata siku ile. Alikuwa ameshika kitambaa ajifute. Aliponisikia, akakiweka chini, akabaki na midomo ile mpaka jioni.